Njia ya Kuzunguka Uso wa Mkuu

Nchi yetu ipo, na ina jina zuri, ila jina lenyewe liko kwenye kamati tangu mwaka juzi na haliruhusiwi kutumika mpaka lirudi. Kwa sasa tunaandika tu "nchi yetu", na barua zinafika. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani ni nchi yake. Si yake. Huko kwenu, nasikia, mtoto akizaliwa basi amezaliwa.

Kwetu mtoto anazaliwa mara mbili. Mara ya kwanza anazaliwa na mama yake, na hiyo haina uzito sana. Mara ya pili anazaliwa kwenye kompyuta ya wilaya, pale faili lake linapotolewa kwenye folda iitwayo WANAOTARAJIWA na kuingizwa kwenye folda iitwayo WALIOPO. Wakati haya yanaanza, binti yangu Zamda alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa anatembea. Alikuwa na meno kumi na mawili na alikuwa ameniuma kwa yote. Ila kumbukumbu zilisema bado anatarajiwa, na pale zahanati waliniambia kwa upole kabisa kwamba sindano ya surua hadungwi mtu anayetarajiwa.

"Tumdunge wapi, mama?" nesi aliniuliza, huku Zamda amekaa juu ya meza yake anatafuna kalamu yake.

Nikaona hoja ina nguvu, nikambeba mtoto asiyekuwepo nikarudi naye nyumbani. Alikuwa mzito.

Wiki ile surua ilikuwa nyumba ya sita kutoka kwetu.

Zamani karani ndiye aliyewahamisha watoto. Kazi ya nusu dakika, unaambiwa. Halafu Serikali ikagundua kwamba makarani wanajua kompyuta na wananchi hawajui, jambo ambalo si la haki, ikatoa waraka: kuanzia sasa kila mzazi atamhamisha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kusoma. Makarani wakapewa likizo ya kutusubiri. Baba Zamda akaenda mji mkuu kupanga foleni ya sahihi ya kuniruhusu kusoma, na mpaka leo yuko kwenye foleni. Ananitumia salamu, anasema wamesogea. Mimi nikaanza darasa la jioni bila sahihi. Nilikuwa na matumaini makubwa. Bado ninayo.

*

Darasa lilikuwa kwenye ghala la zamani la pamba. Pamba iliondoka miaka mingi, vumbi lake likabaki, nasi tulikuwa tunapiga chafya kwa zamu. Tulikuwa wanafunzi thelathini na wanne. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na Mwalimu Ngwembe alikuwa na amri ya kutokifunua mpaka tutakapoiva.

Mwalimu mwenyewe alikuwa bwana nyuki kwa miaka ishirini. Serikali ilimhamishia kompyuta baada ya kuona ana subira. Alifundisha vizuri, ila kila kitu alikieleza kama kitu kinachoweza kukuuma.

"Polepole," alikuwa akisema. "Usikishtue."

Kipanya, yaani kile kidude cha kushika kiganjani ambacho ukikisukuma mezani kishale kinatembea kwenye kioo, nacho kilikuwa kimoja, na kimefungiwa kabatini. Kwa hiyo tulijifunza kwa sabuni. Mwalimu alikata miche ya sabuni ya kufulia, kila mmoja akapata kipande. Ukitaka kubofya, unagonga sabuni kwa kidole cha shahada na kusema "tii" kwa mdomo wako. Kubofya mara mbili, unasema "tii tii", haraka, bila kuvuta pumzi katikati. Kuburuta faili ndiyo ilikuwa kazi: unasema "tii" moja ndefu, kidole kimekandamiza, usiache mpaka ufike. Jioni nzima ghala lilikuwa linalia tii, tii tii, tiiiii. Mama mmoja mpita njia alisimama mlangoni akauliza vifaranga tunauza lini.

Miezi mitatu tulisoma sabuni. Mikono yetu haijawahi kuwa safi vile.

Aliyekaa nami meza moja alikuwa Bi Semeni, marehemu. Aliingizwa kwenye folda ya MAREHEMU miaka minne iliyopita, siku ambayo karani mmoja aliburuta faili lake huku anazungumza na mtu mlangoni. Kabla ya hapo alikuwa hai, tena katika ghala hilohilo: miaka thelathini alipambanua pamba, daraja la kwanza huku, la pili kule, kwa vidole tu. Vidole vilikuwa bado vizima. Macho ndiyo yaliyokuwa yamefunga ukungu, yote mawili, na hospitali ya wilaya ilikuwa imekataa kumpasua.

"Daktari kaniambia marehemu hapasuliwi macho, anafumbwa," alinisimulia, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Na kufa nako siwezi. Kumbukumbu zinasema nimeshazikwa. Nikizikwa tena, watoto wangu watashtakiwa kwa udanganyifu."

"Shikamoo, Bi Semeni," nilikuwa namwamkia kila jioni.

"Marahaba, mwanangu. Ila niamkie polepole. Watakuja kuniuliza naitikiaje."

Kulikuwa na faida zake, kufa. Mwaka uliopita alimzaba kofi balozi wa nyumba kumi, mbele ya mkutano. Polisi wakampeleka kituoni, wakabofya jina lake, wakatazamana, wakamrudisha nyumbani kwa baiskeli. Hawana selo ya wafu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuburuta. Mimi kila mara meza iliniishia. Nasukuma sabuni, nafika ukingoni, na faili bado halijafika.

"Inua!" alinigombeza. "Inua sabuni, irudishe nyuma, uiweke tena. Lakini kidole usikiachie. Kidole ndicho kimeshika mtoto. Ukikiachia, umemwangusha."

"Nimechoka, Bibi."

"Umechoka nini, Mama Zamda? Hujaanza hata kufua."

Mwalimu Ngwembe akakohoa. Kwenye rejista ilikuwa marufuku kuniita Mama Zamda kabla Zamda hajawepo. Niliitwa Mama Mtarajiwa. Wote waliniita hivyo, kasoro Bi Semeni, ambaye hakuwa kwenye rejista.

*

Mwezi wa nne tukaambiwa tumeiva. Akaja Afisa wa Eneokazi wa Wilaya, Bwana Kihampa, na magari mawili, moja la kwake na moja la hotuba.

"Ndugu wanafunzi!" alisema. "Leo mnaingia eneokazi. Eneokazi ndiyo ile sura ya kwanza anayoiona mtu kompyuta ikishawaka. Hapo ndipo yalipo mafaili yote na folda zote, na kutoka hapo ndipo mtu anakwenda anakotaka, kama ameruhusiwa. Nchi nyingine pale wameweka maua. Nyingine wameweka milima. Milima, ndugu zangu! Sisi, baada ya utafiti wa kina, tumeweka uso."

Kitambaa kikaondolewa. Tukapiga makofi kabla ya kuona, ndivyo tulivyofundishwa, kisha tukaona. Ulikuwa uso wa Mkuu, katikati ya kioo, na kofia yake na tai yake, anatabasamu kidogo kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. Upande wa kushoto wa uso ilikuwa folda ya WANAOTARAJIWA. Upande wa kulia, WALIOPO. Kwenye kona ya chini kushoto, MAREHEMU. Pipa la taka halikuwepo. Bwana Kihampa alieleza kwamba nchi yetu haina cha kutupa.

Halafu akasoma waraka, na kwa kuwa ndio uliotuongoza mwaka mzima, nauandika kama ulivyosomwa. Kishale hakitapita juu ya uso wa Mkuu. Faili halitaburutwa juu ya uso wa Mkuu. Atakayeachia faili juu ya uso wa Mkuu atahesabiwa amemrushia Mkuu kitu usoni, na adhabu yake ni kifungo cha miaka saba, yeye pamoja na faili.

"Pamoja na faili?" nikauliza.

"Faili ndilo lililogusa," alisema Bwana Kihampa. "Tutalisamehe vipi?"

Tukaonyeshwa njia. Zilikuwa mbili. Njia ya Juu ilipita kofia: unatoka kushoto, unapanda, unapita juu ya kofia, unashuka kulia. Kofia ni vazi, si uso. Njia ya Chini ilipita tai. Ilikuwa fupi, lakini yenye kona kali kidevuni, na wenye haraka walionywa.

"Mheshimiwa," Bi Semeni akanyoosha mkono. "Sikio je? Sikio ni uso?"

Bwana Kihampa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. Swali likapelekwa juu. Kamati ilikaa wiki tatu, ikala, ikatoa jibu: sikio ni uso mchana, baada ya saa kumi na mbili jioni ni sehemu ya kichwa. Kwa darasa la jioni ilikuwa nafuu kubwa. Tulishukuru.

Surua ilikuwa nyumba ya tano.

*

Mwalimu akachora uso wa Mkuu kwa chaki juu ya kila meza, na sabuni zetu zikaanza kuuzunguka. Hakuwa mchoraji, nyuso zote zilifanana na mzinga. Tuliheshimu mizinga ile. Mtu akijisahau sabuni ikagusa shavu, darasa zima lilisema "aaah!" na Mwalimu alifumba macho ili asiwe shahidi.

Nyumbani niliendelea. Nikimwogesha Zamda, mkono wenyewe ulikuwa unapita juu ya kichwa, unashuka sikioni, unazunguka kidevu, bila kugusa uso. Siku ya tatu nikamtazama nikaona ana uso wa mtoto aliyekula ugali na mchuzi tangu Jumapili. Nikamfuta kwa khanga. Alicheka. Nikafanya tena Njia ya Chini kwenye kidevu chake, na tena, akacheka tena, na mimi nikawa sijui kama nacheza naye au nafanya mtihani.

Mkono wangu ukajua. Mwezi wa saba niliweza kutoka kushoto hadi kulia kwa Njia ya Juu huku naimba, na sabuni isiteleze. Mwalimu Ngwembe alisema mkono wangu ungeweza kutoa asali bila moshi. Ni sifa kubwa kwake, hajawahi kumpa mtu mwingine.

Lakini kila mwaka Mkuu ana siku ya kuzaliwa, na siku ya kuzaliwa huja na picha mpya. Wapambe wake waliona picha ya zamani inamweka mbali na wananchi. Wakapiga nyingine kwa karibu zaidi. Kitambaa kilipoondolewa, tai haikuwepo. Kidevu kilikuwa kimekaa juu ya ukingo wa chini wa kioo.

"Njia ya Chini imefungwa," alisema Mwalimu, kama mtu anayetangaza daraja limechukuliwa na maji. Tukahamia wote Njia ya Juu.

Miezi miwili baadaye wakaja wapambe wa wizara nyingine, ambao hawakutaka kuonekana wanampenda Mkuu kidogo kuliko wale wa kwanza. Wakapiga picha kwa karibu zaidi. Kofia ikaondoka. Sasa paji la uso liligusa juu, kidevu kikagusa chini, na masikio, jioni au mchana, yalikuwa yametoka nje ya kioo yakaingia kwenye historia. Folda yetu ya WANAOTARAJIWA ilibanwa ukingoni kabisa kushoto, ya WALIOPO ukingoni kulia. Katikati ilikuwa ngozi tupu.

Bi Semeni, ambaye alikuwa haoni vizuri, akanigusa.

"Vipi? Amevaaje safari hii?"

"Hajavaa, Bibi. Ni uso mtupu."

"Toba! Na njia?"

"Hakuna."

Wanafunzi wenye akili walijaribu. Fundi cherehani mmoja alishauri folda ya WALIOPO isogezwe tu upande wa kushoto, karibu na ile nyingine, faili lisisafiri. Bwana Kihampa alimjibu kwamba folda ni kama mipaka ya nchi, na yule fundi akapelekwa semina ya siku nne kuhusu mipaka. Aliporudi alikuwa anakubaliana na kila mtu. Mwanamke mwingine alikuwa amesikia kwamba kompyuta inaweza kunakili faili huku na kulibandika kule.

"Kunakili mtoto?" Bwana Kihampa akashtuka. "Tuwe na wawili? Nani atamlisha wa pili?"

"Basi kumkata huku, kumbandika kule."

"Mama. Serikali haikati watoto."

Nilipouliza mimi, niliuliza kwa adabu zote nilizonazo. "Mheshimiwa, basi tupite wapi?"

"Waraka haujasema hakuna njia," alisema. "Umesema msipite usoni. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mwananchi makini hayachanganyi." Kisha akashusha sauti, akawa karibu binadamu. "Huenda akakonda. Ila usimwambie mtu nimesema."

*

Siku ya mtihani ilikuwa Alhamisi. Kila mwanafunzi ana zamu moja kwa mwaka, na ukiiachia, unasubiri mwaka mwingine na kipande kingine cha sabuni.

Asubuhi ile, nyumba ya pili kutoka kwetu, kulikuwa na mkeka nje. Watu wamekaa, hawazungumzi. Viatu vidogo vilikuwa vimeanikwa kwenye uzio, vimekauka, na hakuna aliyeviondoa. Nilipita nikasalimia, wakaitikia. Sikusikia kitu chochote ndani yangu. Nilihesabu tu: sita, tano, nne, tatu, mbili. Zamda alikuwa mgongoni ananivuta nywele.

Ghalani Bwana Kihampa alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya mtahiniwa, na fomu mapajani. Waliotangulia waliingia mmoja mmoja, wakamwamkia Mkuu kwenye kioo, wakashika kipanya, wakatazama ngozi kutoka kushoto hadi kulia, wakakiweka chini. Kila mmoja akatia sahihi penye maneno "Sijaiona njia" na kupewa cheti cha kuhudhuria. Vyeti vilikuwa vizuri, vina mhuri wa rangi mbili. Fundi cherehani alikibusu cha kwake.

Ikafika zamu yangu. Bi Semeni alikuwa amempakata Zamda.

"Unaiona njia?" Bwana Kihampa akauliza.

"Naiona folda, mheshimiwa."

"Sijauliza folda."

Kipanya kilikuwa chepesi kuliko sabuni. Nikafungua WANAOTARAJIWA, tii tii, bila hata kutaka kusema, na wengine nyuma wakasema nami. Majina yalikuwa mengi. Wengine wana ndevu sasa. Nikamwona wangu: ZAMDA. Nikaweka kishale juu yake, nikakandamiza, nikamtoa kwenye folda. Nikafika pembeni mwa shavu la Mkuu, na mkono ukasimama.

Nikiachia hapo, faili linarudi lilikotoka, na mwaka unakuwa umeisha. Nikiendelea, miaka saba, mimi na yeye. Kwa hiyo sikuachia na sikuendelea. Nilikaa. Sijui kwa muda gani. Kidole kikaanza kufa ganzi. Sehemu nyingine zangu zilikuwa zimeshatangulia.

"Mama Mtarajiwa," alisema Bwana Kihampa, "kuna watu kwenye foleni."

Nikasikia kiti. Bi Semeni alikuwa amesimama. Alimkabidhi Zamda kwa Mwalimu Ngwembe, naye akamshika kwa mikono miwili mbali na kifua, kama kitu kilichojaa nyuki. Kisha Bibi akaja akipapasa meza moja baada ya nyingine mpaka kwangu, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, kikaufunika wote pamoja na kipanya. Kilikuwa kikavu na chepesi.

"Wewe kidole usiachie," alisema. "Tazama tu. Mimi nasukuma."

"Bibi, kaa chini!"

"Nimelala miaka minne, mheshimiwa. Acha ninyooshe mgongo. Mwanangu, folda iko wapi?"

"Kulia, Bibi. Moja kwa moja kulia."

Akasukuma. Kishale kikaingia shavuni.

"Tuko wapi?"

"Shavuni."

"Sema usikike."

"Shavuni!"

"Na sasa?"

"Puani."

Ghala zima, pamoja na vumbi lote lile, hakuna aliyepiga chafya. Bwana Kihampa alikuwa ameinua kalamu na hakujua aishushe wapi.

"Meza imeisha," nikasema.

"Basi inua. Kidole je?"

"Kipo."

Akainua mkono wangu pamoja na kipanya, akavirudisha nyuma, akaviweka. Kishale hakikutikisika puani pa Mkuu. Tukaendelea.

"Shavu la pili," nikasema. "Linakwisha. Tumefika. Bado. Sasa, Bibi."

"Achia basi."

Nikaachia. Faili likaingia. Kioo kikaandika kwamba faili moja limehamishwa. Mkuu aliendelea kutabasamu vilevile, kidogo, kama mtu ambaye hajaambiwa.

*

"Nani aliyepita?" Bwana Kihampa akauliza. Alikuwa amejibu mwenyewe machoni, ila fomu ilitaka sauti.

"Mimi," alisema Bi Semeni. "Mkono wa huyu ulikuwa chini, nimeubeba. Mzigo haushtakiwi."

"Jina?"

"Semeni binti Mbaruku."

"Folda?"

"Marehemu."

Akaandika, akasimama. Akaigeuza fomu, upande wa pili ulikuwa mweupe. Akatoka nje kupiga simu wizarani. Kupitia mlango tulimwona amesimama wima, kofia mkononi, anakubali. Aliporudi alikuwa na furaha ya mtu aliyeokolewa na walio juu yake.

Faili la mtoto, alisema, liko mahali halali, na wizara haina utaratibu wa kumrudisha aliyepo kwenye kutarajiwa, ingeleta fujo. Kuhusu marehemu: marehemu hafungwi jela. Lakini faili lake linafungwa. Litawekewa nywila isiyojulikana na mtu yeyote, akiwemo atakayeiweka. Hatatoka humo, si kwa mkono wake wala wa mwingine, si mwaka huu wala mwaka wowote.

"Na macho yake?" Mwalimu Ngwembe akauliza. Ndilo swali pekee nililomsikia akiuliza mwaka mzima.

"Macho ya nani?" alisema Bwana Kihampa, na hakuwa anadhihaki. Alikuwa anataka jina la kuandika.

Hapo mimi nilipaswa kusema kitu. Nimefikiria sana tangu siku ile ni kitu gani, na nimepata vingi vizuri. Nilichosema ni, "Asante, mheshimiwa."

Bi Semeni alikuwa anatafuta kiti chake kwa mkono. Nikamshika kiwiko, nikamkalisha.

"Daraja la kwanza, yule," aliniambia polepole, uso kaugeuzia upande alikokuwa akilia Zamda. "Nilimpima alipokuwa mapajani kwangu. Usimlaze kwenye unyevu."

Nilipewa cheti cha kuhitimu. Kina mhuri wa rangi moja.

*

Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa zahanati. Nesi alikuwa yuleyule. Alibofya, akasubiri, akabofya tena.

"Yupo," alisema. Akanitazama, akamtazama Zamda kama ndiyo kwanza anaingia mlangoni. "Hongera, Mama Zamda. Umejifungua salama?"

"Salama."

"Sasa, fomu ya sindano inauliza mmekuja wangapi. Mtoto wa umri huu anarusha mateke, sharti awepo mtu mzima wa kumshika, tofauti na mama."

Zamda alikuwa amepakatwa na Bi Semeni, mkono wake mmoja umeingia ndani ya kilemba cha bibi, anakivuruga. Nikaangalia fomu. Kulikuwa na nafasi ya jina na nafasi ya folda.

"Tumekuja wawili," nikasema. "Mimi na Zamda."

"Wawili tu?"

"Ndiyo," alisema Bi Semeni. "Amekuja peke yake na mtoto, maskini. Nimewaona."

Nesi akaandika: wawili. Akavunja kichupa, akavuta dawa, akapiga sindano kwa ukucha mpaka povu likatoka. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye kile anachokifanya, akasema, "Mshike miguu vizuri, Bibi," akadunga.